Saundi kadi mpya: isikilize kwanza ikiwa kimya

Mimi napiga udi, na chumba ninachorekodia ndicho ninacholala, ghorofa ya pili huku Ng'ambo, Unguja. Saundi kadi, yaani kile kiboksi kinachoingiza sauti ya maiki na vyombo kwenye kompyuta, nyingi tunazifuata Kariakoo, Dar es Salaam. Ukifika nayo nyumbani ukaikuta na tatizo, kuirudisha ni nauli ya boti kwenda na kurudi, na muuzaji keshagonga muhuri wake kwenye risiti kwamba bidhaa ikiuzwa hairudi. Ndiyo maana nikiletewa kadi mpya, iwe yangu au ya vijana wa kikundi, sianzi kuijaribu kwa wimbo. Wimbo unaficha mengi. Ngoma ikilia na kinanda kikijaa, hata kadi mbovu inapendeza. Ubovu unajificha kwenye kimya, na anayepiga udi anaujua upesi kuliko anayetengeneza singeli, kwa kuwa uzi wa besi wa udi unakufa polepole, na chochote kilicholala chini yake kinajitokeza.

Mfano wangu utakuwa Focusrite Scarlett 2i2 ya kizazi cha tatu, ile nyekundu iliyotoka mwaka 2019, kwa sababu ndiyo iliyopo mezani. Mbele ina matundu mawili yanayopokea XLR, ile plagi ya maiki yenye pini tatu, na jeki kubwa pia, nyuma ina matundu mawili ya kwenda kwenye spika, na umeme wote inaupata kwa waya wa USB. Kama yako ni Behringer au M-Audio, kazi ni ileile, vitufe tu ndivyo vinavyobadilika majina na mahali.

Dukani

Nenda na hedifoni zako zenye jeki kubwa na waya mmoja wa jeki. Ukiweza kubeba laptopu, beba. Chomeka jeki katika kila tundu na usikie ikishika. Tundu linalolegea dukani litakukatia sauti katikati ya ubeti nyumbani. Zungusha kila nobu toka mwanzo hadi mwisho, isikwame wala isicheze. Geuza kadi uangalie namba yake ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa chini, kisha uilinganishe na ya kwenye boksi. Namba hiyo ndiyo utakayojisajili nayo kwa mtengenezaji, na ukiambiwa kwamba tayari ina mwenyewe, basi hukuuziwa kadi mpya.

La muhimu kuliko yote ni siku za majaribio.

"Dada, hii original, haina shida."

"Sijasema ina shida, kaka yangu. Niandikie siku saba hapo kwenye risiti."

"Saba nyingi. Chukua tatu."

Tatu zinatosha, mradi ziandikwe kwa kalamu, pamoja na namba ya simu anayoipokea yeye mwenyewe.

Kuiunganisha

Chomeka waya wa USB moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitishe kwenye kile kigawio cha matundu mengi ambacho tayari kinalisha kipanya, flashi na chaja ya simu. Mara ya kwanza Scarlett ya kizazi hiki inajitokeza kama flashi, na ndani yake kuna njia ya kukupeleka kwenye usajili, usishtuke. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kadi, ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwenye Mac unaweza kuanza kazi bila kuweka kitu, na Linux nayo huitambua.

Kwenye Windows kuna jambo moja la kulishika. Ndani ya programu ya kurekodia chagua ASIO ya kadi yenyewe, usiache njia ya kawaida ya Windows. ASIO ilibuniwa na kampuni ya Steinberg mwaka 1997 ili programu izungumze na kadi bila kuzungushwa, na bila hiyo majaribio ya kuchelewa kwa sauti hayatakuwa na maana. Audacity ya kawaida kwenye Windows kwa miaka mingi haikuja na ASIO, kwa hiyo mimi natumia Reaper, ambayo unaruhusiwa kuijaribu siku 60 ikiwa kamili. Cubase na FL Studio nazo zinafaa.

Halafu piga wimbo unaoujua kwa moyo, hata kama umechoka nao. Hakikisha kulia ni kulia na kushoto ni kushoto. Punguza nobu ya hedifoni hadi sauti iwe ndogo kabisa: upande mmoja ukitangulia kupotea mbali mbele ya mwenzake, au nobu ikikwaruza unapoizungusha, andika. Kazi ya dakika tano, twende mbele.

Kimya

Hapa kaa. Usichomeke maiki wala chombo chochote. Zima kitufe cha 48V (umeme wa maiki ya kondensa), zima AIR (kinachong'arisha sauti za juu), zima INST (cha gita na pikapu). Rekodi matundu yote mawili kwa dakika moja, geini, yaani nobu ya kukuza sauti inayoingia, ikiwa chini kabisa. Rekodi dakika nyingine geini ikiwa imefika mwisho. Kisha rudia zote mbili ukiwa umechomoa chaja ya laptopu. Yape mafaili majina yanayoeleweka, mfano "geini mwisho bila chaja", kwa sababu baada ya saa moja utasahau lipi ni lipi.

Sasa vua hedifoni. Ndani ya programu pandisha sauti ya hayo mafaili kwa desibeli 40, anza kucheza, ndipo uzisogeze sikioni taratibu. Ukizivaa kwanza na kukawa na mlio mkubwa mle ndani, utajuta.

Utasikia nini? Mchirizo laini, wa kiasi kimoja, "shhh" isiyobadilika: huo ni wa kawaida, kila kadi unao geini ikifika mwisho. Unachotaka ni matundu mawili yachirizike sawa. La kwanza likiwa tulivu na la pili likivuma waziwazi, hilo ni kosa la kadi na hakuna mpangilio wa programu utakaolitibu.

Ukisikia "mmm" nzito, huo ni umeme wa ukutani. Wetu unakwenda Hz 50, na mwenye sikio la muziki ataugundua bila mita: umekaa juu kidogo ya G ya chini kabisa ya piano, ambayo ni Hz 49, na mwenzake wa Hz 100 yuko juu kidogo ya G inayofuata, Hz 98. Ukiwa na wimbo uliojengwa kwenye sauti hiyo, mvumo utagombana na besi yako wimbo mzima, na utadhani udi wako ndio umelegea. Linganisha na faili la bila chaja. Mvumo ukitoweka chaja ilipochomolewa, kadi haina hatia. Chaja za pini mbili mara nyingi huvujisha umeme mdogo, ule unaokutekenya ukipapasa laptopu yenye bodi ya chuma. Zile za pini tatu nazo huweza kutengeneza mzunguko wa athi (earth) pamoja na spika zenye umeme wake zilizochomekwa tundu jingine. Peleka vyote kwenye ekstensheni moja, na waya za kwenda kwenye spika ziwe za jeki yenye pete mbili nyeusi, ile ya TRS. Kuna mafundi watakwambia ukate pini ya athi kwenye plagi. Usikate. Pini hiyo ndiyo inayokulinda siku chuma cha spika kitakapopata umeme.

Ukisikia "iii" nyembamba inayobadilika ukisogeza kipanya au ukipandisha ukurasa kwenye kioo, hiyo ni kelele ya kompyuta inayopita kwenye USB. Jaribu tundu la upande wa pili na waya mwingine kabla hujamlaumu mtu. Na ukisikia "tik" zinazokuja bila mpango, hizo hazihusiani na umeme, nitazifikia.

Kuna kifaa kimoja napenda kuwa nacho, na fundi redio yeyote atakutengenezea kwa bei ya soda au mbili: plagi ya XLR ya kiume, isiyo na waya, iliyochomelewa ndani yake rizista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3. Kadi ikichomekwa plagi hii inadhani ina maiki, ila ni maiki isiyosikia feni, azana, mashine ya maji ya jirani wala bodaboda. Kelele inayobaki geini ikiwa mwisho ni ya kadi yenyewe, na ndiyo unayoweza kuilinganisha kwa haki na kadi ya mwenzako. Hakikisha 48V imezimwa.

48V yenyewe

Maiki ya mkononi kama Shure SM58 haihitaji volti 48, maiki ya kondensa, ile nyeti ya studio, inazihitaji. Utaratibu: shusha spika na hedifoni, chomeka maiki, ndipo uwashe kitufe, ukimaliza zima, subiri kidogo, ndipo uchomoe. Kama huna kondensa wa kujaribia, mwombe yule yule fundi redio aje na mita yake. Kati ya pini ya 1 na ya 2 asome karibu volti 48, na kati ya 1 na 3 asome vilevile. Kiwango kinaruhusu kuanzia 44 hadi 52. Pini moja ikiwa na 47 na nyingine 30, kadi irudi ilikotoka. Pima matundu yote mawili.

Maiki na udi

Sasa ndipo ninapomwita mamdogo. Ana sauti ya taarabu ya zamani, inaanza kama anasimulia na kwenye kiitikio anakuja juu mpaka jirani anafungua dirisha. Geini haipangwi kwa ubeti, inapangwa kwa kiitikio. Mwambie mwimbaji aanze na pale anapopaza kuliko kote, na uweke geini ili vilele vifike kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, pale sauti inapoanza kupasuka. Duara la taa kwenye nobu ya Scarlett libaki kijani, liguse rangi ya machungwa kwa nadra, jekundu lisionekane. Biti 24 zina nafasi ya desibeli 144 kwa hesabu, kwa hiyo hakuna haja ya kusukuma sauti mpaka karibu na sifuri kama tulivyozoea enzi za kaseti. Iliyopasuka haishoneki.

SM58 itakuonyesha nguvu za kadi, kwa sababu ni maiki inayotoa umeme mdogo sana. Mwimbaji akinong'ona sentimita kumi mbali nayo, utajikuta geini iko karibu na mwisho. Hapo sikiliza: je, mchirizo uliousikia kwenye kimya unaonekana chini ya mnong'ono? Kwa mwimbaji wa kawaida wala hutaugundua. Kwa msomaji wa mashairi au anayesimulia hadithi usiku, utaugundua.

Halafu udi. Naweka maiki ya kondensa kama sentimita 30 mbele, ikielekea kati ya tundu la udi na pale risha inapogusa nyuzi. Napiga uzi wa besi mara moja, nauacha ufe wenyewe, sipumui. Nafanya hivyo tundu la kwanza, kisha la pili. Nikicheza nilichorekodi, nafuatilia ule mkia mpaka pale unapozama. Ukizama kwenye chumba, yaani nasikia watoto wa chini na feni ya mtu, kadi ni safi kuliko chumba changu na nitakuwa sina ninachodai. Ukizama kwenye "shhh" kabla chumba hakijasikika, geini ya kadi hii ni dhaifu kwa kazi yangu, hata kama wengine wataisifu.

Mwenye gita la umeme, au udi uliobandikwa pikapu, abonyeze INST na asikilize tofauti. Bila INST sauti inakuwa imekufa upande wa juu. Kinanda hakihitaji INST.

Kuchelewa

Ni muda unaopita kati ya kupiga na kujisikia kupitia kompyuta, na watu wanaliogopa hili kuliko linavyostahili. Programu inapokea sauti kwa mafungu, na fungu hilo ndilo tunaliita bafa. Sampuli ni kipimo kimoja cha sauti, na kHz 48 ni sampuli 48,000 kwa sekunde. Bafa ya sampuli 256 kwenye kHz 48 ni milisekunde 5.3, sampuli 128 ni 2.7, sampuli 1024 ni zaidi ya 21. Sauti inaingia na kutoka, kwa hiyo zidisha mara mbili, ongeza na muda wa kadi na draiva. Ukipata jumla ya milisekunde 10, kumbuka kwamba hewani sauti inakwenda kama sentimita 34 kwa milisekunde moja. Ni kama kukaa mita tatu na nusu kutoka kwa mpiga dumbaki, na kwenye okestra ya taarabu wapo wanaokaa mbali kuliko hapo na hakuna aliyewahi kulalamika. Mwimbaji aliyevaa hedifoni ni kesi nyingine, sauti yake inamfikia pia kwa mifupa ya kichwa na hizo milisekunde anazihisi. Yeye muwashie kitufe cha kujisikiliza moja kwa moja kwenye kadi, sauti haitapita kwenye kompyuta kabisa. Kisha uzime sauti yake ndani ya programu, asije akajisikia mara mbili.

Kinachohitaji kupimwa kweli ni kama draiva inasema ukweli. Programu hurudisha nyuma ulichorekodi kwa kiasi ambacho draiva imekitaja, ili kikae sawa na midundo. Chukua waya wa TRS, toa tundu la kwanza la nyuma uingize tundu la kwanza la mbele. Zima 48V, zima INST, zima kujisikiliza kwenye kadi na kwenye programu pia, shusha spika mpaka chini, la sivyo sauti itajizungusha yenyewe na kupiga ukelele. Weka mlio mfupi wa "tak" kwenye njia (track) ya kwanza ya programu, urekodi kwenye njia ya pili, halafu vuta picha karibu na upime umbali kati ya "tak" mbili. Sampuli chache si kitu. Sampuli 200 ni zaidi ya milisekunde 4, na ukirekodi njia kumi juu ya hapo utashangaa mbona kikundi kinapwaya. Reaper ina sehemu ya kuandika sahihisho kwa mkono. Ukishaliandika, rudia kipimo.

Saa nzima

Weka bafa kwenye 256, kHz 48, rekodi matundu mawili kwa saa moja huku ukiendelea na mambo yako. Faili litakuwa karibu GB 1. Lipitie kwa macho kwanza, ukitafuta vijiti vilivyochomoza kwenye kimya, kisha kwa masikio. Zile "tik" nilizoziahidi hutokea hapa. Mara nyingi mwenye kosa ni laptopu: Wi-Fi, mpangilio wa kubana betri, au Windows kulilaza tundu la USB. Zima kimoja, rudia, zima kingine. Kuna programu ya bure inaitwa LatencyMon, inakuonyesha draiva gani ya kompyuta inachelewesha wenzake. Kadi nailaumu pale tu inapofanya hivyohivyo kwenye kompyuta ya pili, kwa waya wa pili.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio hili, ushukuru. Laptopu ikiwa na betri nzima, kadi ya USB haikatiki, na chumba kinakuwa kimya kuliko saa yoyote ya mchana. Baadhi ya rekodi zangu safi nimezifanya giza likiwa limeingia mtaa mzima.

Utaulizwa habari ya kHz 192 iliyoandikwa kwenye boksi. Ipo, inafanya kazi, ijaribu mara moja uone kwamba haikwami, kisha urudi kwenye 48. Sikio la binadamu linaishia karibu kHz 20, na 48 inabeba mpaka 24. Njia moja ya biti 24 inakula MB 8.6 kwa dakika kwenye 48, na MB 34.6 kwenye 192. Zidisha kwa njia kumi na mbili za wimbo wa dakika saba, uone hard disk ya laptopu yako inaishia wapi.

Irudishe au uibakize

Mchirizo mdogo kwenye geini ya mwisho, vumilia. Nobu ngumu kidogo, vumilia. Usivumilie matundu mawili yasiyolingana, volti zisizofika, jeki inayokatika ukiigusa, wala "tik" zinazokufuata hadi kompyuta nyingine. Usimpigie muuzaji simu umwambie kadi "ina kelele". Atakujibu kwamba zote zina kelele, na hatakuwa mwongo. Weka mafaili yako kwenye flashi: kimya cha tundu la kwanza, kimya cha tundu la pili, geini sawa, desibeli zimepandishwa sawa. Kadi irudi kwenye boksi na waya wake na makaratasi yote, risiti yenye siku tatu iwe mkononi. Akishavaa hedifoni zake mwenyewe, mchezee la kwanza, kisha la pili, na umwache yeye ndiye aanze kuongea.